Nzima Niwekee

Watu wa kwetu Ibra, hapa Omani, hawakuuzii kompyuta hivi hivi. Mtu atakuletea laptopu yake ya zamani, safi, waya wa chaja umekunjwa vizuri ndani ya mfuko, halafu ukiifungua chini unakuta diski haimo. Amekwisha kuitoa nyumbani kwake akaipiga nyundo. Wengine hawajui hata hiyo diski inakaa wapi, basi wanapiga popote. Niliwahi kuletewa mashine nzuri kabisa, kioo hakina hata mkwaruzo, lakini katikati imebonyea kama sufuria lililoanguka jikoni. Nikamuuliza mwenyewe, bwana wa makamo mwenye heshima zake, "Hii imekuwaje tena?" Akatazama chini. "Mna picha za watoto wangu wa kike," akanambia. Nilitaka kumgomba, maana kwa pigo lile moja aliua kila kitu ambacho ningeweza kukiuza. Nikashindwa. Ningemwambia nini, na mimi nina binti?

Ndiyo maana duka langu lilipata wateja. Mwanamke akija na kompyuta yake anamkuta mwanamke mwenzake, anavuta kiti, anakaa, ananambia yaliyomo bila ya kuona haya. Mimi nilikuwa mtu wa ofisini, nikaacha kazi kwa sababu mdomo wangu na mkubwa wangu havikupatana, na kitu nilichoondoka nacho pale ni hasira ya kuona kompyuta zinatupwa jaani kwa sababu ya feni tu. Feni! Kitu unachokibadilisha huku chai yako haijapoa. Basi nikaanza kuzichukua. Hii naitoa kioo, ile naitoa betri, nyingine kibodi yake haijambo, na mbili mbovu nikizikutanisha inatoka moja inayofanya kazi. Zisizofaa kwa lolote nampa bwana mmoja wa Nizwa, anakuja na pikapu yake kuzichukua, anazichambua huko kwake shaba mbali, plastiki mbali. Huyu bwana alikuwa na sifa moja niliyoipenda sana: diski ikimfikia mkononi, siku hiyo hiyo anaitoboa kwa drili. Hasubiri. "Ni amana ya watu, ukhti," huwa ananambia. Nami nikawa namsifia kwa kila mteja.

Sasa nije kwa Mama.

Mama alitoka Unguja bado msichana, na Kiswahili chake kilibaki kule kule alipokiacha, cha mjini, cha watu wa zamani. Hasemi "habari", anasema "khabari", na kha yake inatoka kooni hasa. Hapa nyumbani sisi sote tunachanganya. Mimi nikikasirika naanza kwa Kiswahili namaliza kwa Kiarabu, na binti yangu anaanza kwa Kiarabu na huko huko anamaliza. Mtu pekee aliyekuwa akizungumza na Mama lugha yake, bila ya kuomba afafanuliwe neno, ni dada yake aliyekaa Sur. Kila siku baada ya alasiri walikuwa wanapigiana kwa kompyuta, maana simu ilikuwa ndogo kwa macho ya Mama. Niliwatengenezea mimi, kompyuta ya zamani niliyoiunga unga, pembe moja imepasuka nikaifunga plasta. Na hao wazee wawili walikuwa na maneno! Walikuwa wakigombana kama mkate wa kumimina unatiwa hiliki au hautiwi, nani alichapwa skuli kwa kosa la nani, bibi fulani wa mtaa wao aliolewa kabla au baada ya fulani. Wakicheka, nyumba nzima tunawasikia.

Dada yake alipoanza kuingia na kutoka hospitali, Mama akaniita. "Nirikodie," akasema. "Lakini isitoke humu. Sitaki sauti ya dada yangu izagae kwenye masimu ya watu." Nikamwambia tuweke nakala pengine, kwa usalama. Akakataa katakata. Mwanamke aliyejisitiri maisha yake yote, akasema, asije kusikilizwa na kila mtu akiwa mgonjwa. Basi zikabaki humo humo.

Na ikatokea jambo. Programu niliyoweka ilikuwa inanasa sauti inayotoka kwenye kompyuta tu, hainasi ya mtu aliyekaa mbele yake. Kwa hiyo anasikika dada yake, mama mkubwa wangu, peke yake. Anauliza, halafu kimya, halafu anacheka, halafu "ah wapi, mwongo mkubwa we!", halafu kimya tena. Nilipogundua nilitaka kurekebisha. Mama akasema acha, iko vizuri.

Mama mkubwa alipofariki ndipo nilipofahamu kwa nini iko vizuri. Baada ya siku za msiba na wageni kwisha, Mama alirudi kwenye kiti chake, baada ya alasiri kama kawaida, akafungua kompyuta, akabonyeza pale nilipomwonyesha. Dada yake akauliza, "Leo umepika nini?" Na pale penye kimya Mama akajibu. Alijibu cha siku ile, alichopika siku ile. Mara nyingine jibu lake lilikuwa refu kuliko kimya chenyewe, basi dada yake anamkatiza, na Mama anasema, "Ngoja nimalize, bibi we, una haraka gani?" Nilisimama kwenye mlango nikalia kimya kimya. Sikuwahi kuingia. Ule ulikuwa wakati wake.

Binti yangu ni mwanafunzi wa chuo Nizwa, anakuja mwisho wa wiki. Amezaliwa hapa, na Kiswahili chake amekiokota kwa bibi yake kama mtoto anavyookota punje za karanga chini ya meza. Anasema "kikombe yangu", anasema "samaki mbili", anasema "bibi iko wapi". Mimi nikikunja uso Mama ananizuia. "Muache aseme atakavyo. Anasema, si anasema? Wa wenzio hawasemi kabisa." Tena alikuwa akifurahi, dada yake wa Sur alipokuwa hai akimrudilia makosa yale na wote wawili wakicheka mpaka wakijifuta machozi. Mtoto naye akiona wamecheka alijiona amefanya vyema.

Kabla ya Ramadhani tukaamua kupaka rangi chumba cha Mama. Harufu ya rangi inamkaba, akaenda Sur kwa watoto wa dada yake. Vitu vyake tukavitoa ukumbini, na kompyuta zikawa mbili: ile yake yenye plasta, na moja ya marehemu baba yangu, nzuri kwa nje, imefungwa ndani ya mkoba wa ngozi, lakini imekufa miaka. Ile ya baba nilikuwa nimekwisha kusema iende na mbovu zangu nyingine. Bwana wa Nizwa alikuwa anakuja siku ile kuchukua mzigo dukani, nikamwambia apitie na nyumbani. Binti yangu alikuwepo. Mama alipojua, akapiga simu kutoka Sur kumsisitiza mjukuu wake.

Niliporudi nyumbani jioni, mtoto amenawiri, anangoja asifiwe. Ukumbi umefagiwa, mazulia yamekunjwa, vitu vimepangwa. "Mama, yule rajul amekuja, nimempa, khalas. Na ile ya Bibi nimeweka kwenye kitanda yake."

Nikaenda kutazama. Juu ya kitanda, kimefunikwa khanga safi ya Mama, kuna kitu. Nikafunua. Mkoba wa ngozi.

"Hii ni ya babu yako," nikasema.

"Ndiyo."

"Ya Bibi iko wapi? Ile yenye plasta?"

"Nimempa yule bwana. Bibi amesema."

"Bibi amesema nini?" Sauti yangu ilikuwa imekwisha kupanda.

"Amesema, mbovu mpe, zima niwekee. Mimi nimejaribu zote mbili kwenye umeme. Ile imewaka. Hii haiwaki, zima kabisa. Basi nimeweka hii zima." Akanitazama, uso wake ukaanza kubadilika. "Na ile nyingine mbovu, Mama. Imepasuka, ina plasta. Mbaya."

Yarabi. Nilikaa kitandani. Alisikia *nzima niwekee*, na neno hilo yeye alilijua kwa taa tu. Zima taa. Simu imezima. Tangu mdogo nimemwambia hivyo kila usiku anapolala. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa naye kumwambia kwamba kitu kizuri, kisicho na dosari, kinachofanya kazi, nacho kinaitwa kizima. Aliuliza umeme ukamjibu, akafanya alivyoambiwa kwa kadiri ya alivyosikia. Tena alijua pana ajabu, akanambia baadaye, kwamba Bibi anataka iliyokufa. Lakini alidhani ni mapenzi yake kwa babu. Aliitafutia khanga iliyo safi kuliko zote.

Sikumpiga, alikwisha kuwa mkubwa, si wa kupigwa tena. Lakini nilisema maneno. Nilimwambia ana masikio ya nini. Akawa anauliza, "Kuna nini ndani? Mama, ndani kuna nini?" Nilipomwambia, akakaa chini sakafuni.

Yule bwana simu yake haikupokewa jioni ile. Asubuhi tukaondoka na gari, tukapita Samad, tukatokea Izki, mimi ninaendesha, yeye pembeni yangu. Nilikuwa najipa moyo. Nilikuwa najiambia ana mzigo mkubwa, hajaugusa, mtu gani anashusha gari na kuanza kazi jioni ile ile? Njia nzima nilimwombea mtu yule uvivu.

Tulimkuta kwenye ua wake nje kidogo ya Nizwa, anamenya waya. Alifurahi kutuona, akatuletea kahawa na tende hata kabla hatujasema. Nikamweleza kompyuta ninayoitafuta, pembe yake ina plasta. Akaikumbuka mara moja.

"Ile ya nyumbani kwako, ukhti? Usiwe na wasiwasi wowote." Akainuka, akaingia ndani, akarudi na ndoo, akaipekua, akanipa diski mkononi kwa furaha. Ina tundu. Tundu tatu, zimetokea upande wa pili. "Hiyo ndiyo niliyoanza nayo. Nikasema hii imetoka nyumba ya watu, ina sitara ya wanawake, hailali kwangu hivi hivi. Wallahi sikuifungua hata kutazama."

Nilimshukuru. Nilitamani angekuwa mwizi. Nilitamani angekuwa mmoja wa wale wanaopekua vitu vya watu, ameinakili yote akaiweka. Lakini alikuwa mtu mwaminifu, kama nilivyokuwa nikimsifia kwa watu siku zote, na sahani za ndani ya diski ile nilizisikia zikichakarika kama vigae nilipoitikisa. Angekuwa mteja ameniletea kitu kile ningemwambia bila ya kumzungusha kwamba hakuna fundi wa kumrudishia chochote.

Tukarudi. Binti yangu alikuwa ameishika diski mapajani. Karibu na Izki akasema, kwa Kiarabu, polepole, kama mtu aliyekuwa akiyapanga maneno tangu asubuhi: "Nyinyi mlikuwa mnacheka. Nikikosea mlikuwa mnacheka, mnarudia, mnacheka tena. Mimi nilidhani nasema sawa." Nikakaza macho barabarani.

Mama alirudi kutoka Sur mwisho wa wiki uliofuata, chumba chake kinanukia rangi kidogo tu, akakisifu. Akatazama meza. Sikumruhusu atafute. Nikamweleza yote, na mtoto amesimama pembeni yangu, kisha nikampa diski. Aliigeuza geuza. Aliipitisha ncha ya kidole kwenye tundu moja.

"Humu ndimo alimokuwa?"

"Ndimo, Mama."

"Na hatoki tena."

"Hatoki."

Akamtazama mjukuu wake. "Mimi nilikwambia nini?"

"Zima niwekee," akasema.

"Nzima!" Mama akapiga kelele. Sijapata kumsikia akimpigia kelele mtoto yule tangu azaliwe. "Nzima, nzima! Kompyuta nzima, kikombe kizima, watu wazima! Ebo! Hujui neno hili? Neno hili hulijui?" Mtoto akatikisa kichwa. Nadhani hapo ndipo lilipomwingia, kwamba mtoto kweli halijui, na kwamba mwenye kumfundisha alikuwa ni yeye. Akasema, "Nimekasirika. Nimekasirika sana, nendeni huko." Tukatoka.

Siku ile hakula na sisi. Kesho yake alikula kidogo, akasali, akakaa. Ilipokwisha alasiri nikaona mlango wake uko wazi na yeye yuko kwenye kiti kile kile mbele ya meza tupu. Nilitaka kumwingilia nimzungumzishe, nikaogopa. Akaita. Hakuniita mimi, alimwita binti yangu.

"Vuta kiti. Kaa hapa. Hapa mbele yangu, nikuone."

Mtoto akakaa, mikono mapajani, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mama akajiweka sawa, akavuta pumzi, na sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya juu kidogo, inaburuta mwishoni, ya mtu asiye na subira.

"Weee! Mbona umenyamaza huko? Leo umepika nini?"

Alikuwa yeye, mama mkubwa, pale pale chumbani, na mwili ni wa Mama. Binti yangu naye alisikia, maana mkono wake ulikwenda mfukoni mbio, akatoa simu, akaiinua. Mama akaisukuma chini.

"Usinirikodi. Nijibu."

Mtoto akanitazama mlangoni. Nikafungua mdomo nimsaidie, nimpe sentensi moja tu ya kuanzia.

"Wewe nyamaza," Mama akanambia bila ya kugeuka. "Wewe unajua kusema."

Iliniuma, sisemi uwongo.

"Mimi sijapika, Bibi," mtoto akasema.

"Bibi nani? Mimi dada yako. Hujapika kwa nini?"

"Nilikuwa na kazi za chuo. Nimekula... nimekula samaki mbili kwa mgahawa."

Nilingoja Mama acheke. Hakucheka.

"Wawili," akasema. "Samaki wawili."

"Samaki wawili."

"Wa kukaanga au wa kupaka?"

"Wa kukaanga."

"Wawili, wa kukaanga, umekula peke yako, na hukuniwekea hata mkia!"

Binti yangu akababaika, kisha nikaona tabasamu linamjia. "Mkia ilikuwa ndogo."

"Ulikuwa mdogo."

"Mkia ulikuwa mdogo, dada. Nimempa paka."

Mama akacheka. Alicheka kicheko chake mwenyewe, cha tumboni, mpaka ukaya ukamteleza kichwani, na katikati ya kicheko akaanza kulia, akalia waziwazi, hakujificha, na mtoto akamshika mikono hajui afanye nini. Sikuingia. Nilikaa pale pale kizingitini.

Alipotulia akajifuta uso. "Kesho unarudi Nizwa," akasema.

"Narudi, Bibi."

"Basi nipigie. Kila siku, baada ya alasiri. Ukikosea nitakukatiza, ukikasirika shauri yako."

"Na nikiwa na darsa?"

"Dada yangu alikuwa mgonjwa," Mama akasema, "na alikuwa akipiga."